Upanga Uliorudishwa Alani Ndio Uliofungua Njia

Mtu ashukapo kutoka Makerere kuelekea Wandegeya wakati wa magharibi, hupokewa na moshi wa nyama choma na wauza rolex wakipiga mayai kando ya barabara. Hapo hapo, katika kijichumba chenye kompyuta kuukuu, tuliwakuta vijana wamemzunguka polisi mmoja aliyekuwa mapumzikoni. Tulidhani wanatazama kandanda. Kumbe Afande alikuwa akicheza Prince of Persia.

Mchezo huo uliundwa na Mmarekani Jordan Mechner, ukatolewa mwaka 1989. Ili shujaa wake aende kama binadamu, Mechner alimpiga ndugu yake picha za video akikimbia na kuruka, kisha akachora kwa kuzifuata. Mchezaji hupewa dakika 60 atoke gerezani na kumwokoa binti wa mfalme. Ngazi ni 12, ramani hakuna. Lazima kila chumba kipelelezwe: kigae kipi huanguka kikikanyagwa, kipi hufungua lango na kipi hulifunga.

Hapo ndipo ulipo utamu, na ndipo ulipo uchungu. Apitaye mbio penye miiba huchomwa, lakini atembeaye hatua kwa hatua hupita salama. Hakika mwenda pole hajikwai. Hata hivyo saa haimngojei mwenda pole. Akifa, hurudishwa mwanzo wa ngazi, na dakika alizopoteza hazirudi. Nasi tulijaribu, tukatumbukia shimoni mara nyingi hata tukaona haya mbele ya watoto.

Katika ngazi ya nne shujaa hurukia kioo, na kivuli chake hutoka upande wa pili. Tangu hapo kivuli humfanyia uadui: humnywea dawa yake, tena humfungia lango. Katika ngazi ya mwisho hukutana naye ana kwa ana, kila mmoja na upanga wake.

Afande alishambulia kwa nguvu zote. Ajabu ni kwamba kila pigo alilolitoa lilimpunguzia yeye mwenyewe uhai. Alikufa, akarudi, akapiga tena, akafa tena. Ndipo kijana mmoja aliposema kwa adabu, "Afande, rudisha upanga."

Alisita. Mtu aliyefunzwa kutompa adui mgongo haweki silaha kwa urahisi. Mwishowe akaurudisha alani, na kivuli nacho kikarudisha chake. Wakakimbiliana, wakawa mtu mmoja. Mbele yao palikuwa na pengo tupu; aliposonga, vigae vikatokea chini ya miguu yake.

Saa ilimwishia kabla ya kumshinda Jaffar, waziri mwovu. Alilipa, akacheka, akaahidi kurudi kesho.

Ndugu askari, kujua wakati wa kuchomoa silaha ni nusu ya mafunzo. Nusu ya pili Afande aliipata Wandegeya, kwa kijana asiye na cheo, baada ya kufa mara nyingi bila kuumia.