Mbegu ya Milimani na Mbegu ya Bondeni

Misioni nyingi za kwetu zinafuga ng'ombe na mbuzi, na kila kiangazi kilio ni kimoja: nyasi zimekauka, maziwa yamepungua. Dawa moja ni kupanda majani ya malisho ya jamii ya maharagwe. Yanajenga mwili wa mnyama kupita nyasi, tena vijidudu vya vifundo vya mizizi yake vinavuta azoti ya hewa na kuneemesha udongo. Lakini mbele ya kutoa pesa ya parokia, tuulize: mbegu hii asili yake ni milimani ao bondeni?

Sababu ni hii. Tukipanda mita 1,000, hewa inapoa digrii 6 hivi. Bonde la Upemba liko mita 600 hivi juu ya bahari, Kamina mita 1,100 hivi, Biano inapita mita 1,600. Basi joto la Bukama si joto la Kamina, wala la Kamina si la Biano.

Mmea unarithi desturi ya wazazi wake. Trifolium semipilosum ni jani la milima ya Kenya na Ethiopia, lenye kuzoea baridi na unyevu. Ukilishusha penye joto, usiku linamaliza kwa kupumua sehemu kubwa ya chakula cha mchana. Linadumaa, na kiangazi kirefu kinaliua. Tena linataka kijidudu chake lenyewe: kile cha trefle nyeupe ya Ulaya hakilifai. Stylosanthes guianensis, mzaliwa wa Amerika ya Kusini, ni kinyume: inapenda joto na kuvumilia udongo maskini, lakini kwenye baridi inakua polepole.

Hata jina moja halitoshi. Neonotonia wightii ni ya Afrika yetu, lakini aina ya Tinaroo ilitoka Kenya, Clarence Afrika ya Kusini, na hazichanui wakati mmoja.

Basi, ndugu makatekista, muuzaji akisifu mbegu yake, mwulizeni ilivunwa wapi. Mvua za Oktoba zikianza, pandeni mistari michache ya kila aina, bega kwa bega, katika udongo ule ule. Msihukumu kwa majani ya Januari, ngojeni Septemba. Ile itakayobaki hai mwisho wa kiangazi, hiyo ndiyo ya Kamina. Mwumba alikipa kila kiumbe makao yake. Mkulima mwenye akili anayatafuta kwanza.