Maji ya Gikomba Yafikapo Mombasa

Ukimwaga karai la maji ya sabuni mtaroni pale Gikomba, wadhani yameishia wapi? Yameanza safari ya kwenda Bahari Hindi.

Tuanzie kinamasi cha Ondiri, karibu na mji wa Kikuyu. Humo ndimo Mto Nairobi hutoka, na jina lake lilitokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya maji baridi. Ubaridi huo haufiki mbali. Katikati ya jiji mto hupokea mafuta machafu ya magari, Gikomba hutupiwa taka za soko, na Dandora hupita kando ya jaa. Ufikapo Ruai umekuwa mweusi.

Huko mbele hujiunga na Athi, mto wa pili kwa urefu nchini baada ya Tana, wenye kilometa 390 hivi. Pale Fourteen Falls, karibu na Mlima Ol Donyo Sabuk, familia nyingi hupiga picha siku za sikukuu. Picha hutoka nzuri, maana harufu haishikiki kwa kamera.

Kutoka hapo Athi huelekea kusini-mashariki, ukiambaa na Uwanda wa Juu wa Yatta. Wanafunzi, sikilizeni ajabu hii. Ukuta huo wa karibu kilometa 300 ni zaha ya volkeno iliyotiririka zamani ndani ya bonde, ikapoa na kuwa mwamba. Ardhi ya kandokando ilipomomonyoka, lililokuwa bonde likabaki juu! Chini yake, wakazi wa Ukambani hunywesha mifugo na kumwagilia mboga kwa maji hayo hayo ya Athi. Watafanyaje, na mvua kwao ni ya kubahatisha?

Ndani ya mbuga ya Tsavo, mto hupata ahueni. Hupokea Mto Tsavo, unaoleta maji maangavu ya chemchemi za Mzima, na kuanzia hapo huitwa Galana. Hubanwa na miamba kwenye maporomoko ya Lugard, ambako mamba hungojea chini, na ukikaribia pwani huitwa Sabaki.

Mvua ikinyesha sana bara, bahari ya Malindi hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Huo ni udongo wa mashamba yetu. Umeusukuma ufuo mbele, na huyatishia matumbawe ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 1968.

Lakini kabla ya kufika baharini, mto hupita Baricho. Kwenye mchanga wa kingo zake vimechimbwa visima vinavyopeleka maji Malindi, Kilifi hadi Mombasa. Mchanga huchuja mengi, na dawa hutiwa. Hata hivyo, shangazi yako wa Mombasa afunguapo mfereji asubuhi hii ya Jumapili ili ateleke chai, huenda baadhi ya maji hayo yalipita mlangoni pako.