AKITIMIZA MIAKA 12, NDEGE HUMWITA MTU MZIMA

Ndugu wafanyakazi, zamani habari za ndege tuliwaachia mameneja. Siku hizi katika tawi letu la mashamba ya miwa na kiwanda cha sukari wapo wenzetu ambao wake zao, waume zao au dada zao wanafanya kazi ng'ambo, na watoto huitwa kwenda kuwaona wakati wa likizo. Nauli ya watu wawili haipatikani. Basi mtoto huenda peke yake.

Desemba iliyopita binti wa mwenzetu mmoja, anayehudumia mitambo ya kukamua miwa, alisafiri hivyo kutoka Entebbe kwenda Johannesburg kwa mama yake, ambaye hakuwa amemwona kwa miaka 6. Binti ana miaka 15. Viza alipata, barua ya ruhusa ya wazazi alikuwa nayo, na tiketi mama alikwisha lipa kwa wakala. Sisi wenyewe tulimsindikiza kwa gari la kukodi, tukampungia mkono, tukarudi mbio kuwahi zamu ya usiku tukidhani shughuli imekwisha.

Kumbe ndege haikuruka. Ilichelewa kwa muda wa saa 4, na binti alipofika katika mji wa kubadilishia ndege, ile ya pili ilikuwa imekwisha ondoka. Abiria waliokwama walipewa karatasi za kulala hotelini, naye akapewa yake kama wao. Karani wa hoteli akaitazama pasi, akahesabu miaka, akasema hampokei mtu wa chini ya miaka 18 asiye na mkubwa wake. Akarudi uwanjani, akakuta kaunta ya shirika imefungwa. Alikaa kwenye benchi usiku kucha, kamba ya mkoba ameizungushia mkononi. Alimpigia baba yake simu mara nyingi, lakini ninyi mnajua kwetu simu huachwa getini kabla ya kuingia zamu.

Aliyemwona ni mama mmoja mfagiaji, na kwa bahati alijua Kiswahili.

"Mwanangu, mbona uko hapa tangu nilipoingia kazini?"

"Shikamoo mama. Ndege imeniacha."

Mama yule alimpa chai yake mwenyewe, kisha akaenda kumtafuta msimamizi wa zamu wa shirika. Hakuondoka mpaka msimamizi alipoandika jina la mtoto na kumpigia simu mama yake Johannesburg. Tulitaka kumwandikia mfanyakazi mwenzetu huyo barua ya shukrani, lakini binti hakumwuliza jina.

Shirika lenyewe hatulitaji, kwa kuwa bado tunaandikiana nalo. Jibu lao la kwanza lilikuwa fupi. Kwa taratibu zao abiria wa miaka 12 au zaidi anaweza kusafiri peke yake, na hakuna aliyeomba asindikizwe. Jibu hilo ni la kweli, na ndilo linalotuudhi. Wakala alimwandika binti kama mtu mzima kwa sababu nauli ya miaka 12 ni nauli ya mtu mzima. Hakuuliza neno lingine, wala sisi hatukujua la kuuliza.

Tumeuliza baadaye. Mashirika ya ndege hayamchukui mtoto wa chini ya miaka 5 bila mkubwa. Wa miaka 5 mpaka 11, kwa mashirika mengi, ni lazima awe chini ya huduma ya mtoto anayesafiri bila mtu mzima. Kuanzia 12 mengi humwacha aende kama abiria yeyote, ingawa baadhi yataendelea kumsindikiza mpaka afikishe 17 kama mzazi akiomba na kulipa. Wengine huweka mpaka wao mbali zaidi: American, Delta na United, mashirika makubwa ya Marekani, hulazimisha huduma hiyo mpaka miaka 14. Na huko Marekani serikali haikuweka sheria ya jambo hili, kila shirika hujipangia. Kwa hiyo ndugu asikuambie "mwanangu alikwenda bila shida" ukaridhika. Alikwenda kwa shirika gani?

Lakini Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unamhesabu kuwa mtoto kila aliye chini ya miaka 18, na Mkataba wa Afrika wa mwaka 1990 vilevile. Kwenye kulipa nauli binti yetu alikuwa mtu mzima, kwenye kutafuta kitanda akawa mtoto.

Huduma yenyewe ni hivi. Mzazi hujaza fomu yenye jina, anwani na simu ya anayemleta mtoto na ya atakayempokea. Mtoto huvikwa kimfuko cha karatasi zake shingoni, naye hukabidhiwa kutoka mfanyakazi mmoja hadi mwingine kwa sahihi. Aliyemleta hutakiwa angoje mpaka ndege iruke. Hapo ndipo tulipokosea sisi, na tunalikiri kosa hilo. Mashirika mengi hayampokei mtoto wa namna hii kama atabadilisha ndege kwenda shirika jingine, na mengine hayamruhusu kuunganisha na ndege ya mwisho ya usiku. Bei si ndogo. Hayo matatu ya Marekani hutoza dola 150 kwa kwenda tu, na kurudi 150 nyingine. Kibarua wa kukata miwa na apige hesabu mwenyewe.

Kwa wanaokwenda Afrika Kusini kuna jambo la pili. Tangu Juni 2015 nchi hiyo ilikaza masharti ili kuzuia biashara ya watoto. Baadaye ililegeza kwa wanaofuatana na wazazi, ila si kwa aliye peke yake. Huyo achukue barua ya ruhusa ya wazazi pamoja na simu zao, barua ya mpokeaji yenye anwani ya nyumba yake, na nakala ya kitambulisho au pasi ya mpokeaji huyo. Binti yetu alizionyesha Entebbe, kisha akazitia katika sanduku lililopakiwa ndegeni. Alipofika mbele ya afisa uhamiaji sanduku lilikuwa upande wa pili wa ukuta.

Sasa ofisi ya tawi ina mfano wa barua hizo. Njooni Jumamosi baada ya mishahara, kabla ya kulipa tiketi na si baada.

Wakati wa kurudi mama aliomba huduma na kuilipia. Binti alitoka Entebbe na kimfuko shingoni, ameshikwa mkono na mfanyakazi wa shirika, aibu tupu kwa msichana wa miaka 15. Baba akanyoosha mikono. Akaambiwa kwanza kitambulisho, chenye jina lile lile lililo katika fomu. Akatoa kadi ya chama. Ikakataliwa, nasi tukasimama pale huku akipekua mifuko yote mpaka kitambulisho cha taifa kikaonekana ndani ya kiatu.