Mbaazi za Babati na jiko lisilojua kitunguu

Msimu wa mbaazi ukifika Babati, mazungumzo yote huwa ya bei. Magunia hupakiwa kwenye malori, safari ya India huanza, nasi hatuulizi nani atazila wala atazipikaje. Mimi nililipata jibu hapahapa sokoni, kwa mama muuza nafaka ambaye zamani alikuwa mpishi wa familia ya Wajaini jijini Arusha.

Kilichoninasa ni uchambuaji wake. Humwaga mbaazi kwenye ungo juani, akazitandaza kwa kiganja, akasubiri. Joto likiwazidi, fukusi hujitokeza mmoja mmoja. Yeye huwachota kwa ncha ya jani na kuwashusha kivulini, ukutani mwa kibanda. Hamwui hata mmoja. Wateja humcheka, naye huwaacha wacheke. Anasema mkono umeshazoea: bibi wa nyumba ile alisimama naye kila asubuhi mpaka akajua.

Humo jikoni, anasimulia, hakikuingia kitunguu maji wala saumu, kiazi wala karoti. Bibi alimweleza kwamba ukichuma mbaazi, mti unabaki. Ukichimba kiazi, umeng'oa mmea mzima na kuua vijidudu vya udongoni. Harufu ya mchuzi ilitoka kwenye mvuje. Ndizi mbichi zilishika nafasi ya viazi. Tangawizi mbichi ilikatazwa, ila ya unga, iliyokwisha kukauka, ilikubalika. Maji yalichujwa kwa kitambaa. Chakula cha jioni kililiwa kabla jua halijazama, na hilo ndilo alilolipenda kuliko yote, kwani naye alipumzika mapema.

Kutodhuru kiumbe ndiyo nguzo ya Ujaini, dini ya kale ya India. Waoshwal, Wajaini kutoka vijiji vya jirani na Jamnagar, Gujarat, walianza kufika Afrika Mashariki mwaka 1899. Hekalu lao la marumaru lililopo Mji wa Kale, Mombasa, lilifunguliwa mwaka 1963. Lakini mama huyu hakuijua dini hiyo kwa mahekalu. Aliijua kwa masimulizi ya bibi wakichambua pamoja, hasa ya Palitana, mji mdogo wa Gujarat ulio chini ya mlima Shatrunjaya. Huko mahujaji hupanda ngazi zaidi ya 3,000 kuyafikia mahekalu yanayopita 800. Mlimani hawali, na usiku hawalali huko.

Nilimuuliza jambo lililokuwa likinisumbua. Mbaazi zetu hupuliziwa dawa shambani, na ghalani hutiwa dawa nyingine ili fukusi wafe. Je, anayemhurumia mdudu kwenye ungo anajua wangapi wamekufa kabla gunia halijamfikia? Mama alisema aliwahi kumuuliza bibi hivyohivyo, na bibi hakuwa na jibu.

Lipo na la mkulima. Mwaka 2017 serikali ya India iliweka kikomo cha tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi zinazoingia nchini humo, na bei ikaporomoka huku kwetu. Mama hawalaumu waajiri wake wa zamani, maana sheria hawakuitunga wao. Ila anauliza: huruma inayomfikia fukusi, mbona haimfikii aliyelima? Sina la kumjibu.

Ninaloliamini ni hili. Tukitaja urithi wa Wahindi wa Afrika Mashariki, tunataja maduka, majumba na mahekalu. Wapishi na wafanyakazi wa ndani, walioishi ndani ya urithi huo na kuushika kwa mikono yao, hatuwataji, na wengi wao sasa ni wazee. Kama mama yako, shangazi au babu aliwahi kufanya kazi katika nyumba hizo, kaa naye umuulize, na uyaandike anayokwambia.