Rekodi za Joto Kwenye Bahari za Ncha za Dunia

Maji ya bahari huganda yakifikia takriban nyuzi 1.8 za Selsiasi chini ya sifuri. Kwa hiyo huko kwenye ncha za dunia, joto likipanda kidogo tu, palipokuwa na barafu hubaki maji. Hizi ni rekodi tano za yaliyopotea na yaliyo hatarini kupotea.

Kiangazi chenye barafu kidogo kuliko vyote Aktiki. Septemba 2012, setilaiti zilipima barafu ya bahari isiyozidi kilomita za mraba milioni 3.4, nusu na ushei ya wastani wa 1981 hadi 2010. Barafu nyeupe hurudisha mwanga wa jua angani. Ikiyeyuka, maji meusi huufyonza, bahari ikazidi kupata joto na kuchelewa kuganda.

Upungufu mkubwa kuliko wote Antaktika wakati wa baridi. Kwa miaka mingi barafu ya kusini ilionekana kustahimili. Septemba 2023 ilifikia kilele chini ya kilomita za mraba milioni 17, pungufu kwa zaidi ya milioni moja kuliko rekodi ya 1986. Upungufu huo unaipita Tanzania nzima kwa ukubwa.

Hasara kubwa kuliko zote kwa kaa wa theluji. Kaa hawa wa Bahari ya Bering hukulia kwenye maji ya baridi kali yanayotuama chini baada ya barafu kuyeyuka. Joto la 2018 na 2019 liliyaondoa maji hayo. Kaa akiwa kwenye maji yenye joto, mwili wake hudai chakula zaidi, nao walikuwa wengi mno. Zaidi ya bilioni 10 walitoweka, wengi yamkini kwa njaa. Mwaka 2022 Alaska ikafunga msimu wa kuwavua kwa mara ya kwanza.

Msiba wa pengwini wakubwa kuliko wote. Kifaranga wao huzaliwa na manyoya laini yanayolowa, hivyo hawezi kuogelea mpaka yaote mengine. Mwishoni mwa 2022, barafu ya Bahari ya Bellingshausen ilivunjika kabla ya wakati huo. Kati ya makundi matano ya huko, manne yanaaminika kupoteza vifaranga wote.

Barafuto pana kuliko zote duniani. Thwaites, Antaktika Magharibi, ina upana wa kilomita 120 hivi, na maji ya uvuguvugu yanaila kwa chini. Ikiporomoka yote, jambo litakalochukua muda mrefu, kina cha bahari duniani kitapanda kwa zaidi ya nusu mita. Lamu na Unguja zimo katika hesabu hiyo.

Zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada linalotokana na gesi tunazozalisha limeingia baharini. Anayepima mabadiliko ya tabianchi kwa joto la hewa peke yake anaacha sehemu kubwa ya deni bila kuihesabu. Waliochoma makaa na mafuta kwa wingi ndio wa kwanza kudaiwa, na hawana sababu ya kuongezewa muda.