Nahau Isiyo na Nguo

Mara nyingi nisomapo insha za wanafunzi wa Voi na Wundanyi, nakuta fulani "amejifunga kibwebwe". Wengi wao, watokao katika Kidawida na Kitaveta, hawajakiona. Kibwebwe ni kitambaa ajifungacho mwanamke kiunoni anapofanya kazi au kucheza ngoma. Nduguye ni mkaja, afungwao tumboni mwanamke aliyejifungua. Vyote ni nguo laini: hushikilia mwili, haviufinyangi, fundo likibana, hulegezwa.

Koseti ya Ulaya ilikuwa kitu kingine. Ilishonwa kwa vipande vya kitambaa kigumu, ikatiwa vijiti vya baleni ya nyangumi, baadaye vya chuma, kisha ikakazwa kwa kamba ili mwili ufuate umbo la nguo. Mikanda ya mpira ya kupunguza tumbo iuzwayo leo imerithi nia hiyo; ikivuliwa, kiuno hurudi kilivyokuwa.

Mkaja una maana ya pili: zawadi apewayo mama wa bibi arusi wakati wa kuozesha. Kwa maoni yangu, hiyo ni shukrani kwa tumbo lililozaa. Koseti haina kumbukumbu kama hiyo. Walimu wenzangu, tuipeleke leso darasani, tuifunge, wanafunzi waone. Nahau isiyoonekana hukaririwa kwa ajili ya mtihani, kisha husahaulika.