Kuusoma Upanga kwa Njia ya Posta

SOMO LA REDIO KWA MADARASA YA WATU WAZIMA

(Kwa kiongozi wa darasa: Kabla ya somo, chora ubaoni upanga mrefu uliopinda kidogo. Andika maneno haya: ncha, makali, mgongo, mpini, msuka. Msuka ni ile sehemu ya chuma inayoingia ndani ya mpini. Wanafunzi wayasome kwa sauti.)

Kaeni vizuri, fungueni madaftari yenu, tuanze.

Wengi wenu mmepata kupokea barua. Ikumbuke siku ile ulipopewa bahasha, nawe kabla ya kuifungua ukasema, "Hii imetoka kwa kaka yangu." Ulijuaje? Jina lake halikuandikwa juu. Ulijua kwa mwandiko wake: jinsi anavyozilaza herufi, jinsi anavyouvuta mkia wa herufi "g". Leo tutazungumza habari za watu wanaosoma mwandiko wa namna nyingine. Ni mwandiko wa wahunzi, nao umo katika panga za Japani. Na wengi wao hujizoeza kazi hiyo kwa njia ya posta.

MWANDIKO ULIOMO KATIKA CHUMA

Kwanza yafaa tujue upanga huu hufanywaje. Mhunzi wa Japani huchukua chuma cha pua, hukifua, hukikunja, hukifua tena, mara nyingi. Kwa sababu hiyo uso wa upanga huwa na mistari midogo midogo, kama ile unayoiona katika ubao uliopigwa randa.

Kisha huupaka upanga udongo: mzito upande wa mgongo, mwepesi upande wa makali. Huutia motoni, na ukiisha kuiva huutosa majini. Palipo na udongo mwepesi chuma hupoa ghafula, kikawa kigumu. Palipo na udongo mzito hupoa polepole, kikabaki na ulaini. Basi makali hukata vizuri, na mgongo hauvunjiki upesi. Mahali ugumu na ulaini vinapokutana huonekana mstari mweupe. Wajapani huuita hamon.

Mstari huo hauwi namna moja. Mhunzi mmoja huufanya ulionyoka. Mwingine huufanya kama mawimbi. Wahunzi wa Bizen, nchi ambayo leo ni sehemu ya mkoa wa Okayama, walipata sifa kwa mstari uitwao choji. Maana ya choji ni karafuu! Ndugu zetu wa Unguja na Pemba wangeutambua mara moja, maana ni kama vichwa vya karafuu vilivyopangwa safu. Tena tangu zamani Wajapani hupaka panga zao mafuta yaliyotiwa karafuu, zisiingie kutu.

SHINDANO LA KADI

Sasa tuje kwenye posta. Panga bora ni chache na za thamani kubwa. Mtu akaaye mbali na mji atazionaje kila mwezi? Mwaka 1948 kiliundwa Japani chama cha kuhifadhi sanaa ya panga. Chama hicho hutoa gazeti liitwalo Token Bijutsu, na ndani yake huwamo shindano.

Shindano lenyewe ni hivi. Hutandazwa karatasi nyembamba juu ya upanga, ikasuguliwa kwa wino mkavu mpaka umbo likatoka. Kisha mtu hodari huuchora kwa mkono ule mstari wa makali. Picha hiyo huchapwa gazetini, lakini jina la mhunzi hufichwa. Pamoja nayo huandikwa maelezo: urefu, mpindo, uso wa chuma, mstari wa makali, ncha na msuka. Msomaji huitazama picha, huyasoma maelezo, hufikiri, kisha huandika jina la mhunzi katika kadi ya posta na kuipeleka kabla ya siku iliyotajwa. Baadaye gazeti hutoa jibu, na kueleza sababu zake.

Angalieni jambo moja hapa. Msomaji ameandika jibu lake na kulitia sanduku la posta. Hawezi tena kusema, "Hata mimi nilijua." Akikosea, kosa lake limeandikwa kwa mkono wake, na maelezo humwonyesha ni alama gani aliyoipita bila kuiona. Mafunzo yamo humo.

Iko pia mikutano ambamo watu hushika panga zenyewe, misuka ikiwa imefunikwa. Huko mtu aliyepata huambiwa "atari". Msichanganye na hatari, ndugu zangu; hili ni neno la furaha. Akitaja mtu wa karibu sana na mhunzi mwenyewe, kama vile mwalimu wake, huweza kuambiwa "dozen", yaani karibu sawa na kupata. Akipotea kabisa huambiwa "iya", siyo.

HATUA TATU

Msomaji mzuri haanzi kwa kubahatisha jina. Huenda kwa hatua tatu.

Hatua ya kwanza ni kuuliza: Upanga huu ni wa zamani gani? Umbo ndilo lijibulo. Katika karne za 12 na 13 askari wakubwa walipigana juu ya farasi, na panga zao zilikuwa ndefu, zimepinda zaidi karibu na mpini. Katikati ya karne ya 14 zilifanywa panga ndefu mno zenye ncha kubwa. Katika karne ya 16 wengi walipigana kwa miguu. Panga zikawa fupi zaidi, na mpindo ukasogea upande wa ncha. Kati ya 1661 na 1673 nyingi zilikuwa karibu kunyoka.

Hatua ya pili: Umetoka nchi gani? Hapo hutazamwa uso wa chuma, kwa kuwa kila nchi ilikuwa na desturi yake ya kukifua. Wajuzi hutaja desturi kuu tano: Yamashiro, Yamato, Bizen, Soshu na Mino.

Hatua ya tatu: Ni mkono wa nani? Hapo hutazamwa vitu vidogo: vilele vya mstari, na jinsi mstari unavyogeuka ndani ya ncha.

TUJARIBU SISI

Mfano huu tumeutunga kwa ajili ya somo. Msikilize, kisha mfikiri.

Upanga una urefu wa sentimeta 66. Mpindo wake umezidi upande wa ncha. Uso wa chuma una weupe kama ukungu. Mstari wa makali una vilele vilivyochongoka: kimoja kirefu, viwili vifupi, kimoja kirefu, viwili vifupi. Huendelea hivyo kwa usawa tangu mwanzo hata mwisho.

(Kituo. Kiongozi awaulize wanafunzi: Ni wa zamani gani?)

Vema. Umbo latuambia karne ya 16. Ule weupe, pamoja na vilele vilivyochongoka, vyatupeleka Mino, ambayo leo ni sehemu ya mkoa wa Gifu. Na vilele hivyo Wajapani huviita sanbonsugi, maana yake misugi mitatu. Sugi ni mti wao mrefu wenye kilele kama mkuki. Alama hiyo ni ya wahunzi walioitwa Kanemoto.

Mwanafunzi mwenye haraka ataandika, "Kanemoto wa pili," kwa kuwa huyo ndiye mashuhuri kupita wote. Lakini ngoja kidogo. Kanemoto wa pili, aliyefanya kazi mwanzoni mwa karne hiyo, hakuipanga misugi yake sawasawa. Mara hukutana miwili, mara mitatu, mara minne. Ni waliorithi jina lake walioipanga kama askari wa gwaride. Upanga wetu una misugi iliyo sawa mno. Basi ni wa Kanemoto wa baadaye. Neno moja tu, "kwa usawa", limegeuza jibu. Aliyelipita neno hilo amekosa.

JINA LAWEZA KUDANGANYA

Labda mmoja wenu atauliza, "Bwana mwalimu, si jina huchorwa katika msuka? Kwa nini wasisome jina tu?"

Ni swali zuri. Panga nyingi hazina jina. Zamani panga ndefu zilifupishwa kwa kukatwa upande wa msuka, na jina likaenda na kipande kilichokatwa. Nyingine zina jina la uongo. Karne ya 17 mjini Edo, ambao leo ni Tokyo, alikuwako mhunzi hodari aitwaye Kotetsu. Kwa sababu jina lake lilileta fedha, wadanganyifu walilichora katika panga za watu wengine, tena mara nyingi sana. Jina huchorwa kwa dakika chache. Umbo, uso wa chuma na mstari wa makali haviigwi kwa urahisi huo. Kwa hiyo mjuzi huusoma mwili wa upanga kwanza, kisha hulisoma jina, akatazama kama vinapatana.

Tena ujuzi huu uliwahi kuokoa mali ya taifa. Vita vilipokwisha mwaka 1945, majeshi ya washindi yaliamuru Wajapani watoe silaha zao, na panga pia. Nyingi ziliharibiwa, nyingine zilichukuliwa na askari. Wajuzi walieleza kwamba baadhi ni kazi za sanaa, wakapewa ruhusa ya kuzikagua. Upanga uliotambuliwa uliweza kubaki. Usiotambuliwa ulikuwa chuma tu, wa kuyeyushwa.

Hata hivyo karatasi ina mpaka wake. Haionyeshi mng'ao wa chuma, wala uzito wake mkononi. Ajifunzaye kwa kadi peke yake hujua kufikiri, lakini jicho lake bado halijazoea. Hapana budi siku moja atazame panga zenyewe. Ila akifika mbele yake, atajua la kutafuta.

Nanyi mnaweza kuitumia njia hiyo. Ukipewa karatasi ya mkopo au ya shamba, usitazame jina kubwa na muhuri pekee. Soma tarehe, soma kiasi, soma kila neno dogo, uone kama vinapatana. Kisha ndipo utie sahihi yako.

Kwaherini, hata somo lijalo.

MASWALI

1. Kwa nini mhunzi hupaka udongo mzito mgongoni na mwepesi kwenye makali?
2. Zitaje hatua tatu za kuutambua upanga.
3. Ni neno gani lililotuonyesha kwamba upanga wa mfano si wa Kanemoto wa pili?
4. Andika mistari mitano: Je, umepata kudanganywa na jina au alama ya kitu ulichonunua? Ulitambua kwa njia gani?